Dohani Iliyojazwa Maji

Nyumba yetu ya Kisimayu ilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa visiwani aliyewahi kumwomba Mungu: dohani. Kwetu kisiwani Chula moshi hutokea kwenye makuti, madirishani, mlangoni na machoni mwa mpishi, na hakuna aliyekufa. Lakini Mtaliani aliyeijenga ile nyumba, zamani kabla ya uhuru, alitaka meko. Tena si jikoni. Sebuleni, katikati ya ukuta, meko ambayo mbuzi wawili wangelala ndani wasigusane, na juu yake bomba la mawe la kutolea moshi, lililopanda na ukuta, likatoboa paa na kusimama huko nje kimo cha mtu mzima. Majirani walisimulia kwamba msimu wa kusi alikuwa akiwasha magogo, akakaa mbele ya moto peke yake, shati limemlowa jasho, analia kwa kukumbuka kwao. Mimi nasema mtu anayewasha moto Kisimayu ili apate baridi ya kwao ana haki ya kulia.

Mtaliani akaondoka, nyumba ikapita mikono ya watu, mwisho ikabaki na popo. Mwaka ule bandari mpya ilikuwa ikijengwa, na mafundi wa vyombo walikuwa wakitakiwa mjini. Mume wangu Gharibu ni fundi wa kuunda mashua, wala si fundi wa kubahatisha. Tukahama Chula tukaichukua ile nyumba ambayo watu wa mjini hawakuitaka, na mimi niliitaka kwa sababu moja tu. Sababu hiyo inaitwa Mwanalima.

Mwenyezi Mungu alinipa mtoto mmoja akaona yatosha. Mwanalima alikuwa ameposwa na Fumo, kijana wa mjini, fundi cherehani, mpole hata ukimkanyaga mguu yeye ndiye huomba radhi. Kwetu bi arusi haendi popote. Mume ndiye huletwa, na mke hukaa kwa mamake wakati wa fungate na baada ya fungate, mpaka watoto wajae uani. Chumba cha Mwanalima nilikwisha kukichagua siku ya kwanza, kile cha nyuma ya sebule chenye madirisha mawili. Kitanda chake kingewekwa ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ndiyo hiyo dohani. Arusi ilikuwa mwezi wa mfunguo pili, na kilichobaki ni kuitengeneza nyumba.

Sasa nimlete mamake Fumo. Bi Hafswa ni mjane, muuza vitambaa, mwanamke wa mjini hasa. Buibui lake halishiki vumbi hata upepo uvume vipi, na akitembea utadhani barabara imetandikwa kwa ajili yake. Alikuja kuikagua nyumba siku tuliyokuwa tukikwangua uchafu wa popo. Akaviangalia vyumba kimoja kimoja, akavisifu kwa maneno machache, kama anayepima kitambaa cha mteja asiyemwamini. Kisha akatoka uani, akainua macho, akasimama.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, maana watu wa mjini Kisomali hakiwatoki mdomoni, "na kile yuu kule ni n'ni?"

"Dohani."

"Yainama."

"Haiinami. Weye ndiwe uliyeinamisha kichwa."

Lakini ilikuwa imeinama, nami niliona. Tena chini ya pale ilipoinama palikuwa na ufa, umeshuka begani mwa ile dohani, pale inapoanza kuwa nyembamba, mpaka unapoingia ndani ya paa. Kunguru wawili walikuwa wamekaa juu yake wakituangalia kama wenye nyumba.

"Barke dada yangu," akasema Bi Hafswa, "mwanangu hatalala chini ya mnara wa kuanguka. Mimi nyumbani kwangu nina chumba, nimekipaka rangi kwa mkono wangu, rangi ya samawati. Nyumba hini ikiwa si salama, Mwanalima atakuya kwangu. Si aibu."

Si aibu! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilihama kisiwa, nikaacha kisima changu na kaburi la mama yangu, ili mtoto wangu alale chini ya paa langu, halafu mtu aniambie si aibu akilala chini ya lake. Lakini mkwe ni mkwe. Nikameza, nikamwambia tumwite Fundi Nasrudin, mwashi anayejulikana mji mzima, na atakalosema yeye tutalikubali sote wawili. Bi Hafswa akanipa mkono.

Nasrudin alikuja siku ya pili yake. Mtu mrefu, mkavu, chokaa imemkaa kwenye nyusi miaka mingi hata hajulikani kama ni mvi. Bi Hafswa naye alikuja ashuhudie. Fundi aligonga mawe kwa mpini wa nyundo, huku ameinamisha sikio kama anayenunua nazi. Mahali pengine paliitika vizuri, mahali pengine pakatoa sauti ya mvungu. Akachomeka kisu kwenye chokaa ya katikati ya mawe. Chini hakikuingia, juu kikaingia mpaka kwenye mpini. Mwisho akaingia mekoni nusu mwili, akalala chali, akatazama juu ndani ya bomba.

"Sioni mbingu," sauti yake ikatoka humo ndani. "Dohani isiyonionyesha mbingu siiamini. Imezibwa."

Alipotoka, kilemba chake kilikuwa cheusi. Akatueleza kwa utaratibu. Ufa wa nje si neno, kwa kuwa kila kitu kizee kina mikunjo. Neno ni kama ufa umepenya mpaka ndani. Ukiwa umepenya mahali pamoja, hushonwa. Ukiwa umepenya kote, joto na cheche zitazifikia boriti, na mvua itashuka ndani ya ukuta, na hapo dohani haina dawa ila kubomolewa. Na boriti za chumba cha Mwanalima zimelala juu ya ukuta huo huo.

"Yaani chumba nacho kitabomolewa?" nikauliza.

"Chumba nacho. Na hakitasimama tena kabla ya arusi."

"Usipoziba ufa..." akaanza Bi Hafswa.

"Utajenga ukuta, nayua," nikamkatiza. "Hata Chula twaisema."

Nasrudin akasema atarudi siku ya Jumamosi na kamba na taa, aizibue na kuitazama ndani jiwe kwa jiwe. Akamtazama mume wangu, ambaye muda wote alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, macho yanamwaka. "Mpaka nirudi," akasema fundi, "asiiguse mchu."

Ukimwambia Gharibu asiguse kitu, ni kana kwamba umempa nyundo. Asubuhi yake nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya meko, kidevu mkononi, amesahau hata chai. Nimeishi na mume huyu tangu nikiwa kigori, na uso ule naujua. Ni uso wa mtu aliyekwisha kuamua na sasa anatafuta maneno.

"Mama Mwanalima," akasema, "hini ni mashua."

"Hiyo ni dohani, Baba Mwanalima."

"Ni mashua, wameisimamisha wima tu. Ndani tupu, nje ukuta, na sisi twataka kuyua yavuja wapi. Mashua ikishakwisha kuundwa, haiyashuka baharini, twaifanyani?"

Sikutaka kujibu, lakini mdomo ulijibu wenyewe. "Twaitia mai."

Ndivyo tufanyavyo kwetu, na mtu wa bara akiona hucheka. Mashua mpya hujazwa maji ikiwa bado nchi kavu, juu ya magogo yake. Fundi huzunguka nje akiangalia, na pale tone linapochungulia ndipo panapotiwa kalafati tena, pamba na mafuta, mpaka chombo kikauke kau. Maji hayana upendeleo wala hayasemi uongo. Hakuna fundi Chula angeshusha chombo bila kukitia maji kwanza.

"Lakini hili ni iwe, si ubao," nikamwambia.

"Kwani iwe halivuji?"

Ningeweza kumzuia. Mwanamke akitaka kumzuia mumewe anazo njia. Lakini na mimi nilikuwa sikulala vizuri, kila nikifumba macho naona rangi ya samawati, na nilitaka kujua. Nikafunga kanga kiunoni, nikamwambia aanze kabla jua halijawa kali.

Basi akaufunga mdomo wa meko kwa mbao za mvule, akazipanga kama anavyopanga mbao za mashua, akaziegemeza kwa magogo mawili yaliyokita sakafuni. Katikati ya ubao na ubao, na katikati ya ubao na ukuta, akashindilia pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Nyumba nzima ikanuka papa aliyekufa wiki mbili, naye akawa anaimba. Majirani waliposikia kwamba Wabajuni wa nyumba ya Mtaliani wanaitia dohani maji, hakuna aliyebaki kwake. Wakapanga safu kutoka kisimani mpaka ngazini mpaka juu ya paa, debe kwa debe, mkono kwa mkono, huku wakicheka, na Gharibu juu kabisa akimimina kwenye mdomo wa dohani na kuwasemesha kunguru wahame.

Mwanalima hakuruhusiwa kutoka, maana bi arusi haonwi ovyo, na mwilini alikuwa amepakwa msio, ule unga wa manukato wa arusi, mpaka shingoni. Alikuwa chumbani kwake, anasikia shangwe ya nje na kuudhika. Mara akapiga ukelele.

"Mama! Ukuta wangu watoka jasho!"

Nilikimbia. Juu ya kichwa cha kitanda, mahali padogo kama kiganja cha mkono, ukuta ulikuwa umebadilika rangi, na tone moja likachungulia, likashuka polepole. Gharibu aliteremka ngazi mbili mbili. Akatazama ukuta wote kushoto na kulia, akapapasa chini, akapapasa kwenye boriti, akakimbia sebuleni akapapasa huko, akatoka uani. Kote kavu kau. Akarudi na kipande cha mkaa, akachora duara kuzunguka ule unyevu.

"Mahali pamoya!" akasema. "Mama Mwanalima, ni mahali pamoya tu!"

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika bandarini. Majirani nje wakakipokea bila kujua cha nini. Mwanalima akacheza na msio wake, ukamwagika vipande vipande, nami nikacheza naye. Gharibu akasema apandishe madebe machache ya mwisho kuhakikisha, kwa sababu fundi mzuri hahakikishi mara moja. Hilo ndilo neno ambalo mpaka leo namkumbusha.

Alipokuwa juu, nikasikia hodi. Bi Hafswa alikuwa ametuletea kitambaa cha shela ya bi arusi achague, na pengine, kwa nilivyokuwa nikimdhania, alikuja pia kuchungulia. Nikamkaribisha. Sebuleni palikuwa na kiti kimoja tu, na mwenyewe alikivuta akakiweka pale penye hewa, mbele ya meko, mgongo kwenye zile mbao.

"Mbona nyumba yanuka papa?" akauliza, amejifunika pua kwa ncha ya buibui.

Mimi nilikuwa nimesikia kitu kingine. Mimi ni mke wa fundi wa mashua, na sauti ya ubao unaotaka kung'oka naijua kuliko jina langu. Ubao mmoja ulikuwa unalia, taratibu, nyuma ya kichwa chake.

"Bi Hafswa," nikamwambia, "inuka."

"Barke, nimekaa sasa hivi..."

Hakumaliza. Magogo yaliteleza, mbao zikafunguka zote kwa pamoja, na maji ya kisima kizima yakatoka na masizi ya zama za Mtaliani, na vijiti, na manyoya, na viota vya kunguru. Kiti kilielea. Naapa kilielea na mwenyewe juu yake, kikavuka sebule kwa heshima zote, kikamteremsha kwenye kizingiti cha mlango. Mama mkwe wa mwanangu alikuwa ameketi mlangoni, mweusi tangu utosini, na juu ya kichwa chake kiota kizima ambacho hakikuwa kimepoteza hata kijiti.

Ndipo sauti ya Gharibu ikashuka ndani ya bomba, furaha tupu: "Mama Mwanalima! Mai yamekwenda wapi?"

Bi Hafswa alisimama. Akakiondoa kiota kwa vidole viwili, akakiweka chini kwa utulivu. Akakamua buibui. Akaniangalia kwa macho mawili meupe, akasema, "Nitamwambia Fumo nimewaona," akaondoka.

Nililia. Sitaki kujificha. Nilikaa kwenye yale maji nikalia kwa sauti, kwa kuwa nilimwona Mwanalima tayari amebeba kisanduku chake anaelekea chumba cha samawati. Gharibu aliteremka, akaona, akaketi majini kando yangu. Baadaye sana akatoa mithali yake, maana mume wangu hana msiba asioufunga kwa mithali.

"Mwenda tezi na omo," akasema kwa unyonge, "marejeo ni ngamani."

Nikamwambia ngamani, tumboni mwa chombo, ndipo tulipokaa, na maji ya kufuta yenyewe haya hapa, naye achukue upo wa kutolea maji aanze. Akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Jumamosi Nasrudin alirudi. Alipoona alama ya maji kwenye kuta alianza kufoka kabla ya kuvua viatu. Maji ndani ya ukuta wa chokaa! Mwataka nyumba iwaangukie? Nani amewatuma? Sisi tumesimama mbele yake kama watoto wa chuoni. Akaingia mekoni nusu mwili, bado anafoka, akatazama juu.

"Mbingu," ikasema sauti ya mekoni. "Naiona mbingu."

Yale maji yalikuwa yamezoa kila kilichoziba. Nasrudin akapanda juu, akateremsha taa kwa kamba polepole, amelala kifudifudi kwenye mdomo wa dohani, na kila dhiraa akatamka alichokiona. Hapa jiwe zima. Hapa jiwe zima. Hapa ndipo ufa, umepenya, mahali pamoja, tena ni palepale penye duara la mkaa. Hapa zima tena. Alipoteremka alikuwa ameshaacha kufoka. Akasema mguu wa dohani ni mzuri kuliko wa nyumba nyingi za mjini, na kule kuinama ni kwa safu chache za juu tu, chokaa yake imekufa kwa upepo wa chumvi. Zile ataziondoa azijenge upya, fupi kidogo. Ufa wa begani ataufungua, aushone kwa vipande vya matumbawe na chokaa mpya iliyolala majini siku kadhaa. Ukuta haubomolewi.

"Na chumba?" nikauliza.

"Chumba kina nini? Kimebeba bahari ya Gharibu hakikuanguka, kitaanguka kwa nini? Lakini mkisema mjini kwamba mimi nimeikubali dohani iliyopimwa kwa mai, nitawakana."

Gharibu akamwambia kwa heshima kwamba juu ya ule ufa pangefaa kupakwa deheni, ile chokaa inayopondwa na shahamu ya kupaka chini ya mashua. Nasrudin akamgeukia. "Shahamu penye moto?" akasema. "Wataka kumkaanga bi arusi?"

Wakaanza kubishana, na wakabishana kazi nzima, wakawa marafiki. Mume wangu alimpondea matumbawe na kumchanganyia chokaa, na dohani ikasimama imenyooka. Nikampelekea Bi Hafswa habari kwa Mwanatumu, jirani yetu, kwamba fundi ametoa hukumu na chumba ki salama. Mwanatumu akarudi na jibu: "Amesema alhamdulillahi kwa mnara. Lakini nyumba yanuka papa, na bi arusi halali nyumba ya kunuka papa. Chumba chake yeye chanuka rangi mpya."

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli. Ile pamba ya sifa ilikuwa imemwaga mafuta yake kila upenyo wa sakafu. Tulisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga. Ukiingia mlangoni, papa anakupokea. Na arusi imefika.

Nasrudin alikuwa ameniambia chokaa ikishashika niwashe moto mdogo mekoni, ukuta ukauke ndani kwa ndani. Nikaona potelea mbali, niukaushe. Nikatia makumbi ya nazi nikapiga kiberiti, moto wa kwanza tangu Mtaliani. Moshi ukatoka, ukasita, ukanijia machoni nikaanza kumlaani aliyeijenga. Halafu ukageuka wenyewe ukapanda. Nikasikia upepo mwembamba unapita kando ya masikio yangu, unatoka mlangoni unakwenda mekoni, unavuta. Ulikuwa ukivuta hewa yote ya sebule, na ya chumba cha Mwanalima, na ya ukumbini, unaipandisha juu. Nilinusa. Nikanusa tena. Nikamwita Gharibu anuse. Papa alikuwa anaondoka.

Hapo ndipo akili iliponijia. Kwetu nguo za bi arusi hufukizwa, zikatandazwa juu ya tundu lililosukwa kwa ukindu na chetezo chini yake. Mimi sikuchukua tundu. Nilifunga kamba ndani ya ile meko kubwa, nikatundika nguo za Mwanalima zote juu ya makaa, leso, shela, kanga za hidaya, nikafungua kasha langu nikatoa udi wote niliokuwa nimeuweka, wote, sikubakiza hata kijiti cha mazishi yangu, nikaumwaga motoni.

Nilipotoka uani, watu walikuwa wamesimama barabarani wameinua nyuso. Moshi mweupe ulipanda kutoka dohani yetu iliyonyooka, ukainama na upepo, ukaenda juu ya mapaa ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukanukia arusi. Wachukuzi waliokuwa wakipita na mikokoteni walisimama. Mwanamke mmoja alianua kanga zake kwenye kamba, akazinusa, akazianika tena.

Bi Hafswa alikuja kabla ya alasiri. Hakupiga hodi. Alisimama mbele ya kile kiti, akaitazama meko kwanza.

"Leo hamna mai?"

"Leo moto."

Akaketi. Nilikuwa nimejiandalia maneno, makali, yenye pilipili, ya siku ile na ya siku zote. Yeye akanyoosha mkono akaishika ncha ya shela pale kambani, akaileta puani, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi.

"Barke, mimi dohani yako sikuwa nikiiogopa," akasema. "Na harufu ya papa ni nani asiyeizoea hapa? Fumo ni mmoya. Babake amekufa, sina mwingine. Akiya kwako, mimi n'tabaki na rangi ya samawati."

Basi hasira yangu yote ikaniishia. Miezi ile nilikuwa nikimwona mwanamke anayetaka kuninyang'anya mtoto, na kumbe alikuwa mwanamke anayelala na hofu yangu mimi, chumba kwa chumba, rangi kwa rangi. Niliona haya kwa yale maneno yenye pilipili ingawa sikuyasema. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake.

"Hafswa," nikamwambia, na ndiyo mara ya kwanza nilipoliacha lile Bi, "kwani mlango wangu ni wa kuingia Fumo peke yake? Paa lako laiona dohani yangu?"

"Yaonekana. Mji mzima waiona."

"Basi kila Ijumaa n'tawasha. Ukiona moshi, chakula ki tayari. Njoo, usipige hodi."

"Na ukisahau kuwasha?"

"Sisahau."

Arusi ilifanyika mfunguo pili, kama ilivyopangwa. Fumo aliletwa kwa ngoma ya vugo na vigelegele mpaka mlangoni kwangu, na mamake mbele ya wote, buibui halina vumbi. Gharibu aliwatembeza wageni waume wote juu ya paa kuwaonyesha dohani, na kila mmoja akaambiwa ilivyopimwa, na Nasrudin akiwa palepale alikana. Mwanalima alilala chumbani kwake, na ukutani juu ya kitanda alikataa duara la mkaa kupakwa chokaa. Lipo mpaka leo, na wanawe wamelichorea macho na mdomo.

Nami kila Ijumaa nawasha. Kaskazi ikivuma na jua limepasuka, nawasha. Majirani wasema Barke amekuwa kama yule Mtaliani, na kweli nakaa mbele ya moto kanga imenilowa, machozi yananitoka. Ila yangu ni ya kicheko, kwa kuwa Hafswa yupo kando yangu naye amelowa, anajipepea kwa upepeo, ananisimulia kwa mara ya mia jinsi kiti kilivyoelea.

Ijumaa iliyopita kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, nikachelewa. Nilikuwa bado nimeinama mekoni natafuta kiberiti nikasikia mlango umefunguka, bila hodi.

"Nimeuona moshi," akasema Hafswa, akivua buibui.

Meko yangu ilikuwa baridi tii. Nikamsogezea kiti.